Kungoja Lenzi Ndefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka mvua za Aprili zinapofunga kambi za Serengeti na Mara, simu yangu hupokea maswali yaleyale. Mtu ameagiza lenzi ndefu, ile ya kuvuta karibu wanyama walio mbali, tangu mwaka jana, nyumbu watafika Mto Mara kuanzia Julai, na duka linajibu "bado kidogo." Nimepiga picha za wanyamapori nikiwa Arusha kwa miaka mingi, nimekaa kwenye foleni hizi mara nne, na nimewasaidia wenzangu wengi kuagiza. Hapa nimekusanya yale ninayoulizwa zaidi, kuanzia ya mwanzo hadi yale magumu.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini lenzi moja ingojwe miezi minane, hata mwaka?

Kwa sababu watu wengi huitaka siku moja, na kiwanda hutoa chache kila mwezi. Mfano unaofundisha vizuri ni Nikon 500mm f/5.6 PF iliyotangazwa Agosti 2018. (Milimita ni masafa ya lenzi, f/ ni upana wa tundu lake: namba ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi. PF nimeieleza kwenye swali la 5.) Kabla yake, aliyetaka milimita 500 za daraja la juu kutoka Nikon alibeba lenzi ya f/4 yenye gramu 3,090 na bei ya zaidi ya dola 10,000. Hii mpya ilikuwa na gramu 1,460, chini ya nusu, na iliuzwa Marekani kwa takriban dola 3,600. Oda zikafurika. Nikon ikaomba radhi hadharani kwamba haiwezi kukidhi mahitaji, na wapo walioingia 2019 wakiwa bado wanangoja.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaielewa hamu hiyo kuliko wengi. Ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Mara huruhusu kilo 15 kwa abiria, begi la mkononi likiwemo, tena begi laini. Ukibeba lenzi ya kilo tatu, kamera mbili, betri na kompyuta, nguo utazivaa mwilini. Kwa hiyo lenzi nyepesi yenye masafa marefu ndiyo inayomfaa mpiga picha wa huku, na ndiyo hiyohiyo inayokwisha kwanza duniani kote.

2. Oda ya awali na oda ya kungoja zina tofauti gani?

Oda ya awali unaiweka kabla lenzi haijaanza kuuzwa. Oda ya kungoja unaiweka wakati lenzi inauzwa tayari lakini duka halina. Ya kwanza ina tarehe iliyotangazwa na kampuni, ya pili mara nyingi haina tarehe yoyote, ila makadirio ya muuzaji.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulichanganya na hayo mawili: tangazo kwamba lenzi inatengenezwa. Canon ilisema Februari 2011 kuwa inatengeneza 200-400mm f/4 yenye telekonvata, yaani kipande cha vioo cha kuongeza masafa, ndani yake. Lenzi hiyo iliingia madukani Mei 2013. Usimpe mtu yeyote hela kwa tangazo la aina hiyo.

3. Ni lenzi zipi hasa zinazogombewa?

Kwa miaka ya karibuni kuna makundi mawili. Kundi la kwanza ni zile za bei ya kati zenye masafa makubwa: Nikon Z 180-600mm ya 2023 iliyoanza kwa takriban dola 1,700, na Canon RF 200-800mm ya Novemba 2023 iliyoanza kwa dola 1,899. Hizi hugombewa na kila mtu, kuanzia mtalii hadi mwongoza safari. Kundi la pili ni zile nyepesi za daraja la juu, kama Nikon Z 600mm f/6.3 na Sony 300mm f/2.8 GM. Zote mbili ni za 2023 na zina uzito wa kilo moja na nusu hivi.

Zile kubwa kabisa za dola 12,000 na kuendelea nazo hungojwa, lakini foleni yake ni fupi na huenda kwa utaratibu wake (tazama swali la 7).

## Kwa nini hazitoshi

4. Je, kampuni zinaficha mzigo makusudi ili bei ipande?

Siamini hivyo, na sababu yangu ni ya kihesabu. Bei ya lenzi mpya hutangazwa siku ya kwanza, na duka rasmi haliruhusiwi kuichezea ovyo. Lenzi inapokosekana, anayefaidika ni mlanguzi. Kampuni yenyewe inapoteza: mteja akichoka huhamia chapa nyingine na lenzi zake zote.

Kinachotokea ni kwamba kampuni hukadiria mahitaji kwa tahadhari. Mashine za kusaga vioo, mafundi wa kuunganisha na vyumba visivyo na vumbi haviongezwi kwa mwezi mmoja. Wakiongeza uwezo kwa ajili ya wimbi la kwanza, baada ya mwaka watabaki na mashine zisizo na kazi. Kwa hiyo wanaona heri wewe na mimi tungoje. Hatulazimiki kulipenda jambo hilo, ila tukilielewa hatutapoteza muda kulaumu mahali pasipostahili.

5. Kioo tu, kina ugumu gani?

Swali hili nalipenda kuliko yote.

Kioo cha lenzi si kioo cha dirishani. Huyeyushwa kwa mchanganyiko maalumu, kisha lazima kipoe polepole sana. Kikipozwa haraka, ndani yake hubaki mkazo usioonekana kwa macho, na mwanga ukipita hupinda isivyotakiwa. Bonge kubwa la kioo cha mbele cha lenzi ya milimita 600 huhitaji majuma kwa majuma ya kupoa kabla halijaguswa na jiwe la kusagia. Baada ya hapo linakatwa, linasagwa, linang'arishwa, linasawazishwa katikati, na kupakwa tabaka jembamba za kuzuia mng'ao ndani ya chombo kisicho na hewa. Kosa hatua moja ya mwisho, kazi yote ya nyuma imepotea.

Halafu kuna fluoriti. Hii ni fuwele ya kalsiamu na florini inayopunguza kingo za zambarau na kijani kwenye picha, zile unazoziona kwenye manyoya ya ndege mweupe juani. Vipande vya asili vyenye ukubwa wa kutosha na usafi wa kutosha ni adimu mno, kwa hiyo Canon ilijifunza kuikuza tanurini. Lenzi yao ya kwanza ya kuuzwa yenye fluoriti ilitoka 1969, FL-F 300mm f/5.6. Hadi leo fuwele hizo hukuzwa taratibu, ni laini, hupasuka kwa joto la ghafla, na mtu anayezing'arisha hawezi kuharakishwa.

Zile lenzi nyepesi zinatumia njia nyingine. Canon huiita DO na Nikon huiita PF: kipande chenye mikato midogo ya duara inayopinda mwanga na kufanya kazi ambayo vioo kadhaa vizito vingefanya. Nikon ilianza nayo kwenye lenzi ya 300mm f/4 ya Januari 2015, ambayo ina gramu 755 tu. Niliishika mara ya kwanza nikadhani ndani ni tupu. Ila mikato hiyo ikikosewa kidogo tu, kipande chote hakifai, na ndiyo sababu lenzi za aina hii hazitoki kwa wingi.

6. Mafuriko ya Thailand au tetemeko la Japani yananihusu nini mimi niliye Nakuru?

Yanakuhusu moja kwa moja. Lenzi za daraja la juu hutoka kwenye viwanda vichache mno. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilisimamisha kiwanda cha Canon cha Utsunomiya, kinachotengeneza lenzi zao bora. Mwezi uleule, kiwanda cha Nikon cha Sendai kilisimama pia. Oktoba mwaka huohuo mafuriko yalizamisha kiwanda cha Nikon cha Ayutthaya, Thailand. Sigma wao wana kiwanda kimoja tu, Aizu katika mkoa wa Fukushima. Hapo ukiongeza uhaba wa chipu wa 2021, uliofanya hata Sony isimamishe kupokea oda za baadhi ya kamera zake, utaona kwamba lenzi yako inategemea barabara moja nyembamba. Lenzi za siku hizi zina mota, vidhibiti vya mtikisiko na kompyuta ndogo ndani yake. Kioo kinaweza kuwa tayari na lenzi ikakwama kwa kukosa kipande cha elektroniki kidogo kuliko punje ya mchele.

## Foleni yenyewe

7. Kwa nini aliyeagiza baada yangu amepata kabla yangu?

Kwa kawaida ni mojawapo ya haya. Aliagiza kwenye duka kubwa linalopokea nyingi zaidi kila mzigo. Au yuko nchi iliyopewa mgao mkubwa. Au ni mwanachama wa huduma ya wapiga picha wa kitaalamu: Nikon wana NPS, Canon wana CPS, na Sony wana mpango wao. Katika baadhi ya nchi, wanachama hao hupewa kipaumbele cha kununua lenzi zinapokuwa haba.

Kuingia huko kunahitaji uthibitishe kwamba unaishi kwa kazi hii na kwamba una kamera na lenzi kadhaa za daraja la juu tayari. Masharti hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo muulize wakala rasmi wa nchi yako kama huduma ipo na kama kipaumbele cha ununuzi kimo. Mara nyingine ipo huduma ya matengenezo tu.

Na mara nyingine, nasema kwa masikitiko, jibu ni kwamba mwenye duka ana rafiki.

8. Nitajuaje niko nafasi ya ngapi?

Usiulize "itafika lini?" Hilo muuzaji hajui, na ukimlazimisha atakupa tarehe ya kukuridhisha. Muulize mambo matatu anayoyajua: oda yangu iliandikishwa tarehe gani kwa msambazaji, kuna wangapi mbele yangu, na mzigo uliopita ulileta ngapi. Kama mbele yako wapo 14 na duka hupokea mbili kwa mwezi, umepata jibu lako: miezi saba, labda nane. Sasa unaweza kupanga maisha.

Angalia hasa lile la kwanza. Kuna maduka yanayokusanya majina kwenye daftari na kuyapeleka kwa msambazaji wakati yanapojisikia. Jina lako liko daftarini tangu Januari, lakini kwa msambazaji umeingia Mei. Omba namba ya oda ya msambazaji. Duka zuri halitaona vibaya.

9. Niweke oda maduka mawili matatu ili yeyote atakayewahi?

Kama hakuna anayeshika hela yako, hakuna sheria inayokukataza. Lakini fahamu kinachotokea watu wote tukifanya hivyo: foleni inaonekana ndefu mara tatu, msambazaji anaona oda hewa, na mwenzako anayeambiwa "mwaka mmoja" anakata tamaa bure. Ushauri wangu ni mawili yasizidi, na siku lenzi ikifika duka moja, futa kwingine siku hiyohiyo. Mtu aliye nyuma yako ana msimu wake pia.

10. Duka linasema "iko njiani." Maana yake nini?

Inaweza kuwa na maana nne: imetoka kiwandani, imefika ghala la msambazaji Dubai au Ulaya, imefika uwanja wa ndege ikisubiri forodha, au haijatoka kabisa. Lenzi za bei hii kwa kawaida husafiri kwa ndege, na kwa kuwa hazina betri ndani, hazisumbui kama kamera. Kwa hiyo mzigo uliotoka kweli hauchukui miezi miwili. Omba namba ya kufuatilia mzigo. Ikikosekana, lichukulie jibu lile kuwa ni maana ya nne.

## Pesa

11. Nitoe arbuni kiasi gani?

Kama duka linakubali kuandika oda bila arbuni, kaa hapo. Maduka makubwa ya nje mengi hayakati hela hadi siku lenzi inaposafirishwa. Kwa maduka ya huku arbuni ni jambo la kawaida, nami sioni ubaya wa asilimia kumi, ishirini ikibidi sana, kwa risiti inayotaja jina kamili la lenzi, bei iliyokubaliwa, sarafu, tarehe, na lini unaweza kurudishiwa hela yako ukighairi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau.

Bei yote usilipe kwa kitu ambacho hakipo. Mimi nililipa. Ilikuwa lenzi ya kwanza ya ndoto yangu, muuzaji alikuwa mtu wa heshima, na nilidhani kulipa kamili kutanisogeza mbele ya foleni. Nilingoja miezi tisa. Mwezi wa kumi nikaambiwa bei imepanda na niongeze. Nilipodai hela yangu nilirudishiwa kwa vipande, cha mwisho baada ya nyumbu kuwa wamerudi kusini. Sikuwa na maandishi yoyote zaidi ya ujumbe wa simu wa malipo. Tangu hapo sijaandikisha oda bila karatasi, hata kwa ndugu.

12. Dola ikipanda au ikishuka nikiwa nangoja, nani anabeba?

Inategemea mlivyoandika. Chukua mfano wa Kenya mapema 2024. Januari dola moja ilikuwa takriban shilingi 160, na miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Lenzi ya dola 1,899, kabla ya kodi na nauli, ilikuwa shilingi 303,840 kwa bei ya Januari na 246,870 kwa ile ya baadaye. Tofauti ni karibu shilingi 57,000. Aliyefunga bei kwa shilingi Januari alipoteza hizo, aliyeandika kwa dola alizipata. Miaka mingi mambo huenda kinyume, shilingi hushuka, na aliyefunga kwa shilingi ndiye anayecheka.

Mimi huandika bei kwa dola na kuweka akiba yangu kwa dola kadiri ninavyoweza. Hivyo sibahatishi upande wowote.

Bei yenyewe ya dola nayo hubadilika. Nikon ilipandisha bei zake Marekani kuanzia tarehe 23 Juni 2025 kwa sababu ya ushuru mpya wa nchi hiyo. Kabla ya kuandikisha, uliza duka kama oda zilizo kwenye foleni zitaheshimiwa kwa bei ya zamani.

13. Ninunue Dubai?

Wengi hufanya hivyo, na mgao wa Dubai mara nyingi ni mkubwa kuliko wa kwetu. Huko kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na mtalii anaweza kudai sehemu kubwa ya kodi hiyo uwanjani anapoondoka, iwapo duka limesajiliwa kwenye mpango huo na limetoa risiti yake maalumu.

Tatizo ni waranti. Mtaa mmoja unaweza kuwa na duka rasmi, na jirani yake duka linalouza lenzi zilizoingia kupitia mlango wa pembeni, zikiwa zimekusudiwa nchi nyingine. Lenzi ni ileile, kutoka kiwanda kilekile. Siku ikiharibika ndipo utaona tofauti: Nikon ya Marekani, kwa mfano, kwa miaka mingi imekataa kutengeneza bidhaa ambazo haikuziingiza yenyewe. Uliza kadi ya waranti inatambulika nchi zipi, uisome kabla hujalipa, na uhakikishe namba ya siriali ya kwenye kadi ndiyo iliyoandikwa kwenye lenzi.

14. Nina dada Minnesota na shemeji Leicester. Waniagizie wao?

Ni njia nzuri kama mnaaminiana na kama wanasafiri kuja nyumbani. Marekani, kanuni ya tume yao ya biashara inamtaka muuzaji wa mtandaoni asafirishe ndani ya muda aliotangaza, au siku 30 kama hakutangaza wowote. Akishindwa lazima amwombe mteja ridhaa ya kuendelea kungoja au arudishe hela. Uingereza, aliyenunua mtandaoni ana siku 14 za kughairi tangu apokee bidhaa. Hizo ni kinga ambazo wewe ukiagiza kutoka hapa hutazipata kirahisi.

Mwambie atakayeibeba aiweke kwenye begi la mkononi, awe na risiti halisi, na aitangaze forodhani. Usimwombe dada yako aseme ni ya kwake ya zamani. Akikamatwa aibu ni yake, na lenzi inabaki pale.

15. Kodi ya kuingiza ni kiasi gani?

Thamani inayotozwa ni bei ya lenzi pamoja na bima na nauli. Juu yake huja ushuru wa forodha, kisha kodi ya ongezeko la thamani inayokokotolewa juu ya vyote hivyo: asilimia 16 Kenya, asilimia 18 Tanzania Bara. Zipo pia tozo ndogondogo zinazobadilika kila bajeti ya Juni. Lenzi za kamera ziko chini ya fungu la 9002.11 katika jedwali la forodha. Mpe wakala wako wa forodha namba hiyo akupigie hesabu kabla hujaagiza, kwa sababu kuna mawakala wanaoiandika lenzi kama kamera au kama "elektroniki" na kukuletea ankara isiyo yako.

16. Kuna kijana anayo sasa hivi, anaiuza kwa theluthi zaidi ya bei. Nichukue?

Kama ni mlanguzi halisi mwenye lenzi mkononi, ni hesabu yako: ile nyongeza ukiilinganisha na gharama ya kukodi msimu huu (swali la 17), ipi ndogo? Nimemwona mwenzangu akilipa nyongeza, na kazi moja ya mteja ikairudisha. Nimeona pia mwingine akilipa, na miezi miwili baadaye lenzi zikajaa madukani.

Kama anakutumia picha tu na namba ya kulipia, ondoka. Lenzi adimu ni chambo kizuri kwa tapeli kwa sababu mnunuzi ameshachoka kungoja. Mwombe video ya lenzi ikiwa imewekwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, namba ya siriali ikionekana. Kisha mkutane, uijaribu kwenye kamera yako, ndipo ulipe.

## Wakati unangoja

17. Msimu unaanza na lenzi haijafika. Nitumie nini?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanaihesabu lenzi kana kwamba wameshaipata na hawaandai kitu kingine. Kundi la nyumbu halingoji mzigo wa msambazaji. Mimi hupanga msimu kwa kile nilicho nacho, na lenzi mpya ikifika, nafurahi.

Njia ya kwanza ni telekonvata. Ya 1.4, inayozidisha masafa mara 1.4, hula nusu ya mwanga, ya 2 hula robo tatu. Lenzi ya 70-200mm f/2.8, ambayo wapiga picha wa harusi wengi wanayo, ikiwekewa ya 2 inakuwa 140-400mm f/5.6. Makali hupungua kidogo, lakini asubuhi yenye jua la Mara inatosha. Nikon 300mm f/4 PF na ya 1.4 inakupa 420mm f/5.6 kwa uzito usiofika kilo moja na robo.

Njia ya pili ni kamera yenyewe. Kwenye kamera ya pikseli milioni 45, ukikata picha kwa mfumo mdogo wa Nikon, yaani ukichukua sehemu ya katikati tu, unabaki na kama milioni 19, na lenzi ya 400 inaona kama 600. Kwa gazeti, kitabu na kwa mteja wa kawaida, hizo ni nyingi.

Ya tatu, lenzi za zamani. Tangu watu wahamie kamera zisizo na kioo cha kuakisi, lenzi nzuri za mfumo uliopita zimeshuka bei, na adapta ya kampuni yenyewe huzifanya nyingi kati yake zifanye kazi kwenye kamera mpya bila kupoteza fokasi ya haraka. Canon 400mm f/5.6L ni ya 1993, ina gramu 1,250, haina kidhibiti cha mtikisiko, na ndege wanaoruka inawapata vizuri mno. Nimeipendekeza kwa vijana watatu wanaoanza, na hakuna aliyejuta.

Ya nne ni kukodi. Nairobi na Arusha zipo huduma za kukodisha lenzi kwa siku, lakini Agosti zote huwa nje. Weka nafasi Machi, hata kama una matumaini.

Na jambo moja ninaloomba kwa moyo wote. Ukiwa na lenzi fupi usimsukume dereva asogee karibu zaidi. Nimeona magari yakiziba njia ya kuvukia mtoni kwa sababu ya mtu mmoja aliyetaka uso wa nyumbu ujaze fremu. Kundi likarudi nyuma, na waliokuwa wamesafiri kutoka mbali kuliona wakaondoka bila kitu. Piga picha pana. Mto, vumbi na kundi zima ndiyo picha ambayo lenzi ya 600 haiwezi kukupa.

18. Ninunue iliyotumika badala ya kungoja?

Mara nyingi ndiyo. Ila kagua kuvu kwanza, hasa kama lenzi imekaa Mombasa, Tanga, Unguja au Dar. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa pembeni. Ukiona nyuzi kama za buibui au madoa yenye mizizi, hiyo ni kuvu, na ikishakula tabaka la kioo kusafisha hakuirudishi hali yake. Vumbi dogo ndani lisikutishe. Kila lenzi iliyoiona Serengeti inalo. Sikiliza kidhibiti cha mtikisiko kinapowaka, kisikwaruze. Jaribu fokasi kutoka karibu hadi mbali mara kumi mfululizo.

Ukishainunua, usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Sanduku linalofunga bila kupitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu ndiyo dawa yake.

## Mambo ya pembeni

19. Imefika! Nikague nini kabla sijasaini?

Namba ya siriali ya boksi, kadi na lenzi zifanane. Kioo cha mbele na nyuma visiwe na alama. Kisha siku hiyohiyo, ukiwa umeifunga kwenye tripodi, piga ukuta wa matofali ukiwa umeukabili sawasawa, tundu likiwa wazi kabisa, halafu linganisha pembe nne za picha. Pembe moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu zina makali, kuna kioo kilichokaa upande. Irudishe. Najua inauma kuirudisha baada ya miezi minane, lakini muda wa kurudisha ni mfupi na kasoro hiyo haitajiponya.

20. Na lenzi za Leica?

Ni foleni ya namna nyingine. Lenzi za M huunganishwa kwa mikono Wetzlar, Ujerumani, kwa idadi ndogo, na anayezingoja kwa kawaida hakimbizani na msimu wowote. Swali la 8 na la 11 yanatosha kukuongoza.

21. Nikiwa foleni, kampuni imetangaza toleo jipya. Nihamie huko?

Angalia umbali kati ya tangazo na duka. Februari 2011 Canon ilitangaza toleo la pili la 500mm f/4 na 600mm f/4. Zilikuwa nyepesi kwa namna iliyowashtua watu: ile ya 600 ilishuka kutoka gramu 5,360 hadi 3,920. Mwezi uliofuata likaja tetemeko, na lenzi zikafika kwa wateja 2012. Waliouza za zamani siku ya tangazo walikaa mwaka na zaidi mikono mitupu.

Kwa hiyo kama oda yako ya sasa imebakiza mwezi au miwili, ichukue, itumie, na uiuze baadaye. Kama imebakiza zaidi ya hapo, mwombe muuzaji aihamishe oda kwenda toleo jipya kwa tarehe yako ya awali ya foleni. Wengine hukubali. Pata jibu hilo kwa maandishi, na ile ya zamani uliyo nayo usiiuze hadi mpya iwe imefungwa kwenye kamera yako.

22. Nilishamwahidi mteja picha zinazohitaji lenzi ambayo haijafika. Nimwambieje?

Mwambie leo. Mtumie picha tatu ulizopiga kwa vifaa ulivyo navyo mahali palepale au panapofanana, na umuulize kama zinamfaa. Katika miaka yangu yote, mteja mmoja tu ndiye aliyesema hapana, na huyo nilimkodia lenzi kwa siku nne kwa gharama yangu.